Siku Tulipoitembea Dar es Salaam bila Kutoka Igurwa

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na wale walioiona kwa macho yao wengi wameshatangulia mbele za haki au wamehamia Bukoba na Mwanza, kwa hiyo ningeweza kabisa kuinyamazia nikazeeka na heshima yangu. Lakini juzi kwenye msiba mmoja hapa Igurwa nilimsikia mtu akiisimulia vibaya, akasema mimi ndiye niliyesimama juu ya kichuguu na jembe mkononi, nikaona bora niaibike kwa niliyoyafanya kuliko kwa ambayo sikuyafanya. Aliyesimama kwenye kichuguu ni Gaspari. Mimi nilikuwa na filimbi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, nafundisha Historia, na pia nilikuwa katibu wa kwaya ya usharika wetu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita na Amini, sukari ya foleni, sabuni ya kukatiana vipande, na mtu aliyewahi kufika Dar es Salaam alihesabika kijijini karibu sawa na aliyefika Ulaya. Mimi nilikuwa nimefika. Nasema nimefika kwa maana kwamba mwili wangu ulikuwa ndani ya mji ule wiki tatu nzima, nikimuuguza baba mdogo aliyepelekwa kupasuliwa jicho. Tulishuka stesheni mvua inamwagika, tukaingizwa kwenye gari la wagonjwa lenye vioo vilivyopakwa rangi nyeupe, tukashushwa wodini, na wiki tatu nikalala sakafuni chini ya kitanda chake, halafu tukarudishwa stesheni kwa gari lile lile. Nilichokiona Dar es Salaam ni ukuta mmoja, mwarobaini mmoja, na paka wa jikoni.

Sasa niambieni nyinyi, mtu amerudi Igurwa, sebule imejaa, wengine wamekaa mpaka uani, kikapu cha kahawa ya kutafuna kinazunguka mkono kwa mkono, kila mtu anauliza Dar es Salaam ikoje, halafu mimi mwalimu wa Historia nijibu kwamba nimeona paka? Nikasema nimeiona. Hilo tu, nimeiona, neno moja, na lilipotoka likavuta mengine. Nikasema nimeona makumbusho yenye fuvu la mtu wa kale, nimeona kanisa la zamani la Wajerumani lenye mnara karibu na bandari, nimeona Mnazi Mmoja, na yote hayo nilikuwa nayajua kweli, maana nilikuwa nayafundisha kila mwaka kwa picha za vitabuni na kuyachora ubaoni. Tatizo la picha ni kwamba haikuonyeshi nyuma ya kitu wala pembeni yake, na watu wa kwetu huuliza hasa mambo ya nyuma na pembeni.

Aliyeuliza ni Ma Yudita (kwetu mama wa heshima huitwa Ma, na mzee huitwa Ta, msije mkapotea mbele). Alikuwa mkubwa kuliko wote katika kwaya, sauti ya pili, mjane tangu ujana wake. Mume wake, Petro, alichukuliwa kwenda vita vya Wajerumani na Wajapani, akapelekwa Bama, huko mbali Asia, na kilichorudi ni karatasi. Hakuna kaburi, hakuna koti, hakuna mwenzake aliyekuja kukaa naye amwambie alikoangukia. Sasa Ma Yudita alikuwa amesikia kwamba Dar es Salaam, katikati ya barabara, yupo askari mweusi wa shaba, amesimama na bunduki yake. Nilijua sanamu ile ni ya vita vya kwanza na Petro alikwenda vya pili, nikaanza kumfafanulia, akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, askari ni askari. Umemwona?"

"Nimemwona, Ma."

"Anatazama wapi?"

Kwenye picha yangu anatazama kushoto mwa ukurasa. Ningesema sijui, habari ingeishia pale pale. Lakini alikuwa ameinama kunisogelea, kikombe amekishika kwa mikono miwili, na mimi nilishakuwa mtu wa Dar es Salaam kwa saa nzima, ulimi umenogewa. Nikasema, "Anatazama huku kwetu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akaaga, akaenda zake. Toka siku hiyo kila Jumapili tukitoka ibadani alikuwa ananishika mkono muda mrefu kuliko anavyowashika wengine, na kila Jumapili nilikuwa najisikia vibaya kuanzia kwenye kiganja.

Mambo yangelala hapo kama si mwaliko. Miaka miwili baadaye usharika mmoja wa Dar es Salaam ulitualika kuimba kwenye sikukuu yao, siku ya Jumapili. Jumatatu jioni tungepanda treni kurudi, lakini kabla ya hapo, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, wenyeji wetu waliahidi gari la kututembeza sehemu za kihistoria. Waliomba kitu kimoja kwa barua: tuwaandikie tunataka kuona nini, na kila mahali tutakaa muda gani. Barua iliposomwa, kamati nzima ya kwaya ikageuka kunitazama mimi.

Niliipanga ratiba ile kwa rula. Makumbusho dakika arobaini. Kanisa la Wajerumani dakika thelathini (Ta Zakaria, mzee wa kanisa, alitaka saa nzima, tukavutana). Stesheni ya reli, boma la zamani, Mnazi Mmoja, na soko la Kariakoo, ambalo akina mama walisisitiza kwamba nalo ni la kihistoria na mimi sikuwa na ubavu wa kubishana nao. Sanamu ya askari nikaipa dakika tano, kwa sababu niliwaza, sanamu unaitazama, umeiona, basi.

Nilipoisoma mbele ya kamati Ma Yudita alinyoosha mkono. "Mwalimu, mtu nimemsubiri miaka arobaini, unanipa dakika tano. Hizo ni za kusalimia au za kuaga?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ta Zakaria naye akasafisha koo. Huyu ndiye aliyekuwa anasaini kibali cha safari, na alikuwa na woga wake: kuna kwaya jirani ilichelewa treni huko huko Dar es Salaam ikalala kwenye sakafu ya stesheni siku tisa, wakarudi wamekonda na hawasalimiani. Akasema hawezi kusaini karatasi ya rula. Nani anajua kama dakika hizo zinawatosha watu ishirini na wawili, wazee na vijana, wenye miguu mizuri na wenye miguu ya baridi yabisi?

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tunaweza kufanya mazoezi."

Wazo likapendwa vibaya sana. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi tutaitembea Dar es Salaam hapa hapa Igurwa, kila sehemu ya kihistoria iwakilishwe na mahali fulani kijijini, mimi nishike saa na filimbi, tuanze saa tatu tumalize saa tisa, na tukimaliza kwa muda huo Ta Zakaria atasaini. Tusipomaliza, hakuna safari, mwaliko utajibiwa kwa barua ya shukrani. Ma Yudita alikuja nyumbani kwangu kesho yake kuuliza kama ni kweli ameelewa hivyo. Nikamwambia ndivyo, lakini asiwe na wasiwasi, mimi mji ule naujua. (Mnaona? Bado nilikuwa naendelea.)

Basi nikagawa mji. Nyumba ya mwalimu wa kwaya, Yonathani, ikawa makumbusho. Nyumba ya Ta Zakaria mwenyewe ikawa stesheni ya reli, kanisa letu likawa kanisa la Wajerumani, ghala la kahawa likawa boma, gulio likawa Kariakoo, uwanja wa shule ukawa Mnazi Mmoja. Askari nikamweka pale njia panda, mbele ya ghala, juu ya kichuguu kikubwa, na kumwigiza nikamchukua Gaspari. Gaspari alikuwa kibarua wa mashamba ya kahawa, wazazi wake walitoka Rwanda zamani, mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, na ni mtu ambaye ukimwambia jambo analifanya hilo hilo, hapunguzi wala haongezi. Nikampa jembe liwe bunduki. Nikamwambia, "Elekea migomba ile ya kwa Ma Yudita, usitikisike mpaka nifike nipige filimbi. Tutakuwa hapa saa tano kasorobo." Akasema sawa, Mwalimu.

Sasa sikilizeni kosa langu, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, na mtu wa kwetu hana udhuru wa kulifanya. Niliwaambia wenye nyumba kwamba Jumamosi kwaya itapita kwao. Nikasema itapita. Wao wakasikia wageni ishirini na wawili wanakuja. Na kwetu, mgeni akiingia ndani hatoki hivi hivi: anatandikiwa majani mabichi, anasalimiwa mmoja mmoja na habari za kwake na za mifugo yake, analetewa kahawa ya kutafuna, anakula, na hata akishiba hawezi kunyanyuka mpaka aombe ruhusa na mwenye nyumba akubali, na mwenye nyumba mwenye adabu hakubali mara ya kwanza wala ya pili, na akikubali anakusindikiza. Mimi nimezaliwa humo, nimekula kwa watu wote hao, lakini nilikuwa nimewaza Dar es Salaam mpaka nikaisahau Igurwa.

Saa tatu kamili tukaingia makumbusho, yaani kwa Yonathani, tumevaa sare za kwaya. Harufu ya majani mabichi ilinipiga mlangoni na moyo ukashuka. Mkewe, Ma Adela, alikuwa amevaa kitenge kipya na sufuria tatu zilikuwa zinachemka nyuma. Dakika arobaini zikaisha bado tunasalimiana, tumefika kwa mbuzi wa Ta Zakaria. Nikapuliza filimbi, nikatangaza kwamba muda wa makumbusho umekwisha.

Ma Adela akanitazama kutoka jikoni. "Mwalimu, filimbi hiyo ni ya kuita watoto. Kaa."

Nikakaa. Tukala ndizi na maharage, tukala na mboga, Yonathani akaomba ruhusa kwa niaba yetu (akiwa nyumbani kwake mwenyewe, mkewe akamkatalia mara mbili), na tulipotoka ilikuwa saa sita kasoro. Gaspari alikuwa kwenye kichuguu tangu saa tano kasorobo. Nilimkumbuka, nikasema moyoni atakuwa amekaa chini, nani anaweza kusimama vile.

Nikafanya hesabu mpya njiani, tukiruka Mnazi Mmoja na tukienda mbio boma, tunaweza kufidia. Lakini kati ya makumbusho na stesheni kuna nyumba ya mzee mmoja ambayo sikuipa kazi, na mzee alikuwa amesimama barabarani na fimbo yake ananisubiri. Akaniuliza kwa nini nyumba yake haikuwekwa kwenye historia. Baba yake ndiye aliyepanda miti ya kwanza ya kahawa upande ule, kwa Ta Zakaria kuna nini ambacho kwake hakuna? Tukaingia. Jirani yake alipoona tumeingia kwa mwenzake naye akatandika majani. Kwa hiyo mpaka saa nane na nusu tulikuwa tumeona makumbusho pamoja na nyumba mbili ambazo Dar es Salaam hazipo kabisa.

Muda wote huo Ma Yudita alikuwa anakaa karibu na mlango. Alikuwa amevaa nguo yake ya Krismasi, na kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga kitu kidogo ndani ya jani la mgomba. Kila tukinyanyuka alikuwa ananiuliza neno moja tu, tena kwa sauti ya chini, "Tutafika kwa askari?" Nami namjibu tutafika, Ma. Sahani zilipitishwa mbele yake nyumba zote tatu, alionja tu kwa heshima.

Saa tisa, muda wa gari kurudi, ilitukuta stesheni, kwa Ta Zakaria mwenyewe. Nilikuwa na tumaini dogo kwamba yeye, mtu wa muda na utaratibu, angalau kwake tutapita. Mkewe alikuwa amechinja kuku watano. Ta Zakaria alikaa kwenye kiti chake, akatutazama tunavyonawa mikono, akaitazama saa ya ukutani, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikapita kwenye buli la chai ili tuiite chai. Akasema taratibu, "Mwalimu, treni imeondoka."

Nilimtazama Ma Yudita, naye alikuwa amelishika lile pindo la kanga kwa mkono wote, anatazama nje. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacheza nacho kwa rula yangu.

"Twende tu kwa askari," akasema. "Hata kama treni imeondoka."

Hakuna aliyeomba ruhusa. Aliinuka, sote tukainuka, na mke wa Ta Zakaria hakutuzuia.

Jumamosi ni siku ya gulio, na njia panda ilikuwa imejaa kuliko nilivyowahi kuiona. Jamani waitu, Gaspari alikuwa bado amesimama. Karibu saa tano nzima, jembe begani, jasho limemchora mistari ya vumbi usoni, nzi wamemzoea. Watu walikuwa wameacha kununua nyanya wanamzunguka yeye, wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ameshikwa na polisi, mama mmoja alikuwa amemwekea kipande cha mhogo miguuni na yeye hajaugusa, kwa sababu sikumwambia ale. Kando ya ghala lilikuwa limeegeshwa lori la kahawa, na dereva wake amekaa kwenye ngazi ya lori anachekelea. Jina lake Seif, mzaliwa wa Temeke, anapeleka kahawa huko huko Dar es Salaam.

Ningekuwa na akili ningepuliza filimbi, nimshushe mtu, twende nyumbani. Lakini watu walinifungulia njia, kwaya ikapanga mstari nyuma yangu, nami nikajikuta natoa maelezo kwa ile sauti ya darasani. Nikasema huyu ndiye askari wa shaba, amesimama katikati ya jiji, na kama mnavyoona anatazama upande wa kwetu.

"Upande wa kwenu wapi?" Seif akauliza kutoka kwenye lori. "Yule anatazama bandarini, Mwalimu. Na bunduki ameinyoosha mbele, hajaibeba begani. Napita pale kila safari."

Watu wakageuka. Nikasema labda wameigeuza siku hizi (ndiyo, nilisema hivyo, sanamu ya shaba imegeuzwa).

"Wewe ulimwona lini?" akauliza Seif, na hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mbele yangu kulikuwa na gulio zima, wanafunzi wangu na wazazi wao, Yonathani, Ta Zakaria, na Ma Yudita ambaye alikuwa ameshaanza kufungua pindo la kanga. Kama badala yake angekuwa mtu mwingine, ningetunga jingine. Kwa ajili yake sikuweza.

"Sijamwona," nikasema. "Sikuwahi kumwona. Niliona ukuta wa hospitali. Yote niliyowaambia ni ya kitabuni, na lile la kutazama kwetu nililitunga mwenyewe."

Mtu fulani nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine, vicheko vikaenda mpaka kwenye mafungu ya samaki. Mimi nilikuwa nasubiri Ma Yudita. Alimwendea Seif polepole.

"Mwanangu, una hakika anatazama baharini?"

"Shikamoo, bibi. Hakika kabisa."

"Marahaba. Kwa hiyo mtu akitoka huku kwetu anamkuta amempa mgongo."

"Ndiyo, bibi. Anamkuta mgongo."

Akarudi kwenye kichuguu, akainua uso. "Gaspari, mwanangu, geuka."

Gaspari akanitazama mimi kwa pembe ya jicho, maana filimbi haijalia. Nikaipuliza, na ilitoka kwa shida. Akageuka, akaipa migomba ya Ma Yudita mgongo, akashusha jembe akalinyoosha mbele kama Seif alivyosema. Ma Yudita akakizunguka kichuguu, na kwa miguu yake ile ilimchukua muda, watu wakimpisha, mpaka akafika mbele ya Gaspari. Akafungua lile jani la mgomba. Ndani zilikuwa punje za kahawa ya kutafuna, zile tunazompa mgeni. Akala moja, akamnyooshea Gaspari nyingine, naye akainama akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "kwenye karatasi yako andika dakika za kuzunguka."

Nawaambieni ukweli, mimi mtu mzima nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na nilichokisikia zaidi ya aibu ni nafuu. Miaka miwili nilikuwa nimeubeba uongo ule kila Jumapili, na sasa umetua, tena haukumuumiza yule niliyemwogopea. Alikuwa ameuzunguka tu.

Ta Zakaria akasema atazungumza. Nilijua ninachokisubiri, kutolewa ukatibu, pengine na kwaya. Akasema ratiba ile ya rula ichanwe, kwa sababu watu wa kwetu hawawezi kuona mahali saba kwa siku moja hata huko waendako, watataka kumsalimia kila mlinzi na kumuuliza habari za watoto. Waandikiwe wenyeji mahali pawili tu, askari na kanisa la Wajerumani, na kwenye muda iandikwe mpaka tumalize. Kwa masharti hayo atasaini. "Na Mwalimu aende," akaongeza, "maana katika sisi sote ndiye mwenye haja zaidi ya kuiona Dar es Salaam." Hapo gulio likacheka upya, na safari hii nikacheka nalo. Kisha nikamshusha Gaspari kwa mkono wangu mwenyewe, miguu imekufa ganzi, nikamwomba radhi, akaniuliza kama alisimama vizuri.

Tukaenda. Tukaimba Jumapili. Jumatatu saa tatu gari likaja, na wenyeji, masikini, walikuwa wametutengea saa nne nzima kwa sanamu moja, wanatuona watu wa ajabu lakini hawasemi. Alikuwa pale kweli, katikati ya mzunguko wa magari, mweusi, ameinama mbele kidogo, bunduki imeelekea bandarini kama Seif alivyosema. Tulifika kutoka upande wa mgongoni. Nikamshika Ma Yudita mkono tukavuka, tukazunguka, akasimama mbele yake. Akamtazama usoni, midomo inacheza, sikusikia anasema nini na sikutaka kusikia. Akaweka punje moja ya kahawa kwenye jiwe chini ya miguu ya askari, akala yake. Kisha akanigeukia.

"Twende."

Niliitazama saa, tabia haiachi. Dakika nne.

"Ma, tuna muda mwingi umebaki. Hakuna anayekuharakisha."

"Sikuja kukaa, Mwalimu," akasema. "Nilitaka nimwone uso."

Tukavuka barabara, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika Jumapili zote, na kwa mara ya kwanza kiganja changu hakikuniuma. Gaspari nilimletea kofia kutoka Kariakoo, ya kujikinga jua. Na tangu siku hiyo mtu akiniuliza habari za mahali ambapo sijafika, pawe Kimuli hapo jirani au pawe ng'ambo, nasema sijafika, sijui. Nalisema neno hilo haraka kabla ulimi haujanogewa, na katika ratiba zote nilizowahi kupanga, hilo ndilo jambo pekee lisilochukua hata dakika moja.